Mbele Bluu, Nyuma Nyeusi

Mama mwenzangu, mwanao akikupigia simu ukamuuliza habari, naye akakujibu "tunamshukuru Mungu" kabla hata hujamaliza kuuliza, usikate simu. Ngoja kidogo. Sikiliza kinachobaki baada ya neno hilo. Na wewe ukiulizwa, kabla hujalitamka, jiangalie kama unashukuru kweli au unafunika chungu kisichoonekana ndani. Nyumbani kwangu tulishukuru sana, mimi na binti yangu, na kwa kushukuru kwetu nusura tupotezane.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, dirisha likiwa mkono wa kushoto ili mwanga uangukie sindano. Mume wangu alishafariki. Mtoto ni mmoja tu, msichana, na tulimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga, hata usingizini alikuwa na la kusema. Baba yake alikuwa akimwambia, "Chiriku, weka akiba ya maneno, utaolewa na nini?" Akaolewa na maneno yake yote, akahamia mji wa mbali. Mkwe wangu ni dereva wa malori, leo yuko huku kesho kule.

Alipoondoka, nyumba ikanyamaza. Nilikuwa napika kwenye sufuria ndogo kuliko zote na bado chakula kinabaki. Nikipanga viti navipanga viwili, halafu nakirudisha kimoja ukutani. Kama si cherehani, nadhani ningesahau sauti zinavyokuwa ndani ya nyumba.

Kila alfajiri, kabla sijafungua dirisha, nakaa kwenye kiti changu, naweka mikono juu ya meza ya cherehani, naomba. Sala yangu ilikuwa fupi na safi. Nashukuru kwa uzima, nashukuru kwa afya, nashukuru kwa kazi, nashukuru kwa mwanangu, mlinde. Amina. Hivyo ndivyo marehemu mama yangu alivyonifundisha. Yeye hakutaka kabisa kusikia mtu akimlilia Mungu shida. Alisema ni kukosa adabu, ni sawa na mtu kupewa chakula akaanza kutoa kasoro za sahani. Nikashika hivyo, na Chiriku nikamshikisha hivyo hivyo. Akiwa mdogo akianza, "Mungu, mguu unaniuma," namgusa bega. Anza na asante, mwanangu. Na akimaliza asante, sala imekwisha, tunaenda kulala.

Sasa ndiyo naona tulivyomfanya Mungu. Tulimfanya mgeni wa heshima. Unampangusia kiti kizuri, unamtolea kikombe kisicho na ufa, na vyombo vilivyopasuka unavisukumia uvunguni kwa mguu huku unatabasamu. Anakaa, anakunywa, anaondoka. Unaishije hasa, hujamwonyesha.

Jioni Chiriku alikuwa anapiga simu. Hakukosa hata siku moja, hilo sitamnyima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, tunamshukuru Mungu. Wewe je?"

"Tunamshukuru Mungu. Mwenzio?"

"Yuko safarini. Tunamshukuru Mungu. Kazi?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Haya mama. Lala salama."

Simu imekatika. Huyo ni Chiriku, mtoto aliyekuwa anaweza kunieleza bei ya nyanya mpaka nyanya zenyewe zioze. Nilikuwa nabaki nimeshika simu, naitazama ikizima taa yake. Mimi ni mtu wa wasiwasi, sijifichi. Mtoto akikohoa mimi nimeshaona jeneza. Lakini ningemuuliza nini? Ameshasema anamshukuru Mungu. Ukimchimba mtu aliyeshukuru, unaonekana wewe ndiye unayetafuta balaa.

Jioni moja nilisikia nyuma ya sauti yake kitu kama magurudumu yanaburuzwa kwenye sakafu tupu, na mlio wa vyuma, na mtu anaita kwa mbali kwenye mahali penye mwangwi.

"Uko wapi wewe?"

"Dukani, mama."

"Duka gani lina mwangwi?"

"Duka kubwa. Tunamshukuru Mungu, mama, nitakupigia kesho."

Na kesho yake alipiga, na alishukuru, na mimi nikashukuru.

Wakati huo huo mimi nami nilikuwa na langu. Ukungu ulikuwa umeanza kuniingia pembeni mwa macho. Mwanzo nilidhani ni vumbi la vitambaa. Nikawa najigonga kwenye fremu ya mlango wa nyumba niliyoishi tangu niolewe, bega hili hili la kushoto, mpaka likawa na alama. Taa nikiitazama naiona imevaa pete ya rangi. Kutunga uzi kwenye sindano nilikuwa nafanya kwa ulimi na vidole, si kwa macho. Jirani yangu muuza ndoo, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Ndoo, aliwahi kusimama mlangoni akiniangalia.

"Jirani, hiyo sindano unaitafuta au unaibusu?"

"Naibusu. Inanilisha."

Tukacheka. Ndivyo nilivyokuwa nafunika. Kwa Chiriku sikuthubutu. Nilijua nikimwambia ataacha mume, ataacha kazi yake, atakuja kuniongoza kama kuku kipofu, na nyumba yake itavunjika kwa ajili yangu. Kwa Mungu pia sikusema. Kila alfajiri, nashukuru kwa afya. Niliyatamka hayo macho yakiwa yameshanikimbia nusu.

Basi ikaja kazi ya sare za shule mbili kwa pamoja. Shule ya msingi ya jirani walitaka sketi za marinda za bluu iliyoiva, na shule nyingine ya wasichana wakubwa walitaka nyeusi. Nilikata majora yote mawili wiki ile ile, nikayalundika. Kitambaa ni kile kile, uzito ule ule. Vidole vyangu vinajua kila kitu kuhusu kitambaa. Vinajua upande wa juu na wa chini, vinajua kimekatwa sawa au kimepinda, vinajua rinda limekaa au limelegea. Rangi ndiyo visiyoijua. Na mimi nilikuwa nimeshasahau kwamba siku hizi nashona kwa vidole.

Sketi za shule ya msingi nilizipeleka jioni, kumeshaanza giza. Asubuhi wasichana wakazivaa, wakapanga mstari uwanjani, jua likawapiga. Mbele bluu, nyuma nyeusi. Wengine kinyume chake. Wavulana walipoanza kucheka, hata kengele haikuwanyamazisha.

Mwalimu mkuu alikuja nazo mwenyewe kwenye mfuko. Mama mtu mzima, mpole, hakufoka. Afadhali angefoka.

"Fundi, hebu niambie. Hii rangi gani?"

Nikashika. Marinda yamenyooka, upindo uko sawa. "Bluu, mwalimu."

"Na hii?"

"Bluu."

Akaziweka zote mbili juu ya meza. Mama Ndoo, ambaye hapitwi na jambo, alikuwa ameshafika na kuchungulia.

"Ee jirani yangu! Umeshona sare au umeshona bendera?" Akaangua kicheko, akacheka peke yake, halafu akaona uso wa mwalimu, akaona na wangu, akakikata kicheko katikati.

"Marinda yako ni yale yale, fundi," mwalimu akasema. "Hakuna wa kukufikia. Lakini watoto wamechekwa leo. Zifumue, uzirudie, tutasubiri." Alipofika mlangoni akageuka. "Una tatizo, mama? Niambie tu."

Nami nikajibu, wallahi hata sikufikiri, mdomo ulijiendea wenyewe. "Hapana mwalimu. Tunamshukuru Mungu."

Wakaondoka, kila mtu na shughuli zake. Nikabaki na mfuko wa sketi mapajani. Ilikuwa mchana, jua kali, na mimi naona chumba changu kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Nikaweka mikono juu ya meza ya cherehani kama kawaida. Nikaanza. Nashukuru kwa uzima. Nashukuru kwa afya. Hapo ulimi ukagoma. Nikarudia. Nashukuru kwa afya. Haukupita. Ulikuwa kama uzi umefunga fundo chini ya sindano. Ukilazimisha, unakata kitambaa.

"Mungu," nikasema, "sioni."

Nilishtuka kuisikia sauti yangu. Nikangoja niadhibiwe. Halafu, kwa kuwa nilishaanza, nikaendelea. Nikamwambia naogopa. Naogopa kuwa kipofu kwenye nyumba isiyo na mtu, nianguke hapa sakafuni na cherehani ndiyo iwe shahidi. Nikamwambia Chiriku ananificha jambo, nalijua kama ninavyoujua uchungu niliomzalia, na naogopa kumuuliza. Nikamwambia nimechoka kula peke yangu. Hilo la mwisho sikujua kama lilikuwemo.

Usidhani mbingu zilifunguka, mama mwenzangu. Bomba la Mama Ndoo lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo, na liliendelea kudondosha. Macho yalibaki vile vile. Ila nilikuwa na hisia kwamba mtu aliyekuwa amesimama mlangoni kwangu miaka mingi, akikaribishwa kwa maneno mazuri tu, sasa ameingia na kukaa. Na amekaa kwenye kile kiti nilichokuwa nakirudisha ukutani.

Kuanzia hapo kila alfajiri nikawa namtolea kikombe kimoja kilichopasuka. Leo jicho. Kesho hasira yangu kwa marehemu mama yangu. Siku nyingine wivu, maana Mama Ndoo ana wajukuu wanaomrukia mgongoni. Cha ajabu ni kwamba nikishasema lile baya, asante ilikuwa inakuja nyuma yake yenyewe, bila kuitwa, na haikuwa asante ile ya kukariri. Nashukuru vidole bado vinajua marinda. Nashukuru mwalimu hakufoka. Nashukuru kwa Mama Ndoo, ingawa anauza ndoo zenye mifuniko na mdomo wake mwenyewe hauna.

Maana yeye ndiye aliyekuja kunichambulia vipande. Mimi nafumua, yeye anapanga.

"Hii bluu. Hii nyeusi. Hii bluu. Hii sijui, labda rangi ya kwenu huko."

"Wewe chambua, acha maneno."

"Chiriku anajua?"

"Hajui. Na usimwambie."

"Kwa nini?"

"Ataacha vyake vyote aje kuniongoza chooni."

Akaweka vipande chini. "Sawa. Basi mwache ajue siku akija kukusalimia, nawe ukamuuliza, samahani mama, wewe ni nani?"

Nilimfokea, nikamwambia aende kwenye ndoo zake. Akaenda. Akarudi baadaye kidogo na kiti chake mwenyewe, akakaa, akaendelea kuchambua. Hii bluu. Hii nyeusi.

Jioni simu ikalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, tunamshukuru Mungu. Wewe je?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nilihisi mdomo unajipanga. Kama nisingekuwa nimezoea kulisema lile jingine kila alfajiri mbele ya cherehani, ningelimeza tena, na leo nisingekuwa na cha kukuandikia.

"Mwanangu," nikasema, "sioni vizuri."

"Unasemaje?"

"Macho. Ni muda sasa. La kushoto ndilo baya zaidi." Nikamweleza ukungu, nikamweleza bega, nikamweleza sketi. Niliposema mbele bluu nyuma nyeusi, nikasikia mlio kwenye simu. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Mbele bluu... mama! Na wakapanga mstari?"

"Wakapanga mstari."

"Jamani mama!"

Alicheka kile kicheko chake cha utotoni ambacho nilikuwa nimekisahau, nami nikacheka, na kicheko chake kikaenda, kikaenda, kikapinda njiani, na sasa alikuwa analia kweli.

"Nitakwenda hospitali na Mama Ndoo, usijali," nikamwambia. "Usiache kazi yako. Sijakwambia ili uache..."

"Mama, siyo hivyo. Ile siku ya mwangwi."

Nikaikandamiza simu sikioni.

"Sikuwa dukani."

"Najua."

"Nilikuwa na mimba, mama. Nilitaka ikue kidogo ndipo nikushtue. Ikatoka. Mwenzangu alikuwa safarini, simu yake haipatikani. Nilienda hospitali mwenyewe na nikarudi nyumbani mwenyewe. Nilipokupigia nilikuwa kitandani, nesi yuko kwenye mkono wangu na sindano, nami nakwambia tunamshukuru Mungu."

Mama mwenzangu, kuna maneno yanaingia mwilini na hayatafuti njia ya kutoka. Nilikuwa nimesimama. Nikakaa chini sakafuni, mgongo kwenye miguu ya cherehani.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Presha yako, mama. Na..." Akavuta pumzi. "Wewe ndiye uliyenifundisha. Anza na asante. Sikuwa na asante. Nikaona nisianze."

"Ni kweli," nikamwambia, "mimi ndiye niliyekufundisha."

"Tangu siku ile siombi," akaendelea. Sauti imekuwa ndogo, ya mtoto. "Nikifumba macho nasema nashukuru, halafu najisikia naongopa, naacha. Mama, nadhani nimeshaachana naye. Au yeye ameniacha."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko jicho. Jicho ni langu, likizimika nitapapasa. Lakini mwanangu peke yake kule, mume barabarani, mama mbali, na huyo aliyebaki naye pia amefungiwa mlango, na ufunguo niliutengeneza mimi!

"Basi usiseme nashukuru," nikamwambia. "Mwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Hatakasirika?"

"Mimi nimekasirika?"

Akafikiri. "Hapana."

"Haya. Anza, nami nasikiliza."

Akaanza. Haikuwa sala ambayo marehemu mama yangu angeiita sala. Hakukuwa na asante hata moja. Kulikuwa na kwa nini, kulikuwa na nilikuwa nimeshachagua jina, kulikuwa na uko wapi wewe. Mimi nilikuwa nimefumba macho yangu mabovu, nimeziba mdomo kwa kiganja nisimkatize. Na alipofika katikati, salio likaisha. Simu ikakata. Nikapiga, na mimi sina salio. Nikabaki gizani na sala ya mwanangu iliyokatika, nikaimalizia mwenyewe kwa sauti, maana isingewezekana kuiacha inaning'inia. Mungu, umemsikia. Ulikuwepo kwenye lile duka lenye mwangwi, mimi sikuwepo. Amina.

Hospitali alinipeleka Mama Ndoo. Daktari, kijana mwenye mikono baridi, alinimulika macho yote mawili kwa muda mrefu. Akasema ni presha ya macho. La kushoto limeshakwenda, halirudi. La kulia tunaweza kulishika hapo lilipo kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote.

"Ungekuja mapema, mama. Ulikuwa husikii dalili yoyote?"

Kabla sijafungua mdomo Mama Ndoo akajibu, "Alikuwa anasikia, daktari. Ila alikuwa anamshukuru Mungu."

Daktari hakujua acheke au asicheke. Mimi sikucheka. Nilitoka pale nimemshika Mama Ndoo mkono, naye kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno njia nzima.

Ndiyo hali yangu sasa. Sare nashona bado, ila kitambaa kinawekwa alama na Mama Ndoo kabla sijakikata, na shule mbili kwa wakati mmoja sipokei tena. Kila alfajiri nadondosha tone kwenye jicho, halafu kama alivyonielekeza daktari nafumba, nabonyeza kwa kidole pembeni ya pua, natulia mpaka dawa iingie. Huo ndio muda wangu wa kuomba. Baya kwanza. Asante ikija, inakuja. Isipokuja, tunakaa hivyo hivyo, mimi na yeye, hatudaiani maneno.

Chiriku naye anapiga asubuhi sasa, tunaomba pamoja, mikono yangu juu ya meza, yake sijui iko wapi. Zipo siku ananiambia, "Leo sina la kushukuru, mama." Namjibu, mwambie hivyo hivyo. Ipo siku alishukuru kwamba amepita barabara ya hospitali ile na hakubadilisha njia. Nilishika neno hilo siku nzima. Na juzi, baada ya amina, alianza kunieleza bei ya nyanya huko kwao, na yule muuzaji alivyomdanganya, na alivyomrudishia nyanya zake mbele ya watu, akaeleza, akaeleza, mpaka dawa ikakauka jichoni na kunde zangu zikaungua jikoni. Sikumkatiza.

Bado sijamwona. Likizo yake haijafika, na nyumba ni ile ile, viti viwili na mtu mmoja. Nakusihi wewe unayesoma, usingoje mpaka ushone mbele bluu na nyuma nyeusi. Mpigie mwanao leo. Akisema tunamshukuru Mungu, mwambie, sawa, nami namshukuru, sasa niambie na lile jingine. Kisha kaa kimya umsikilize.